Jina la Mtu Kwenye Ubao

Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, imeibeba nchi nzima kwa majina. Ndani ya mtaa huu mmoja kuna Bubanza na Muramvya, kuna Ngozi, Muyinga, Ruyigi na Gitega, na mwenye miguu mizima anaweza kuzipitia zote kabla jua la mchana halijaanza kuuma. Yote yalikuwa majina ya mikoa, lakini mwaka 2025 mikoa ya Burundi ilipunguzwa kutoka 18 hadi mitano. Kati ya majina hayo sita, ni Gitega peke yake lililobaki jina la mkoa; mengine yalipoteza gavana, ofisi na mhuri. Hapa kwetu hayakupungukiwa na kitu. Kila asubuhi yanatajwa na makonda, na wauza ndagala, na watoto waliotumwa chumvi, na yataendelea kutajwa maadamu kuna watu wanaokaa pale.

Mtaa wenye majina mazito namna hiyo, nyumba zake nyingi hazina jina. Utaona namba iliyoandikwa kwa rangi kwenye geti la bati, nusu yake imeliwa na kutu. Mgeni akiuliza anaelekezwa kwa mwembe, kwa msikiti, kwa mama mwenye kibanda cha mkaa. Anafika, kwa sababu watu wa hapa hawachoki kuelekeza. Lakini mwenye nyumba hajajitambulisha mwenyewe; ametambulishwa na vilivyomzunguka. Tangu nianze kuchonga vibao vya mbao siwezi kupita barabarani bila kuyatazama mageti hayo na kujiuliza nani yuko nyuma yake.

Kazi inayonilisha ni ualimu wa hesabu. Uchongaji ulikuja kama burudani ya jioni, kwa mashine ndogo inayoenea juu ya meza ya kulia chakula. Kitanda chake kina sentimita 30 kwa 18, ndiyo maana wenye fani huiita 3018. Mota tatu husogeza ncha kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Ya nne huizungusha ncha yenyewe. Mwalimu wa hesabu hahitaji maelezo marefu hapo: ni mhimili wa x, wa y na wa z, ile ile ninayoichora ubaoni kwa chaki, isipokuwa hapa nukta ikikaa vibaya ni mbao inayoharibika.

Napenda kujua kitu kilikotoka kabla sijakizoea. Mashine ya kwanza ya kukata kwa kufuata namba ilionyeshwa mwaka 1952 katika chuo cha MIT, Marekani. Wazo lilikuwa la John Parsons, mtengenezaji wa mapanga ya helikopta, na fedha zilikuwa za jeshi la anga. Lilikuwa dude zito la kiwandani, likisoma amri kwenye utepe uliotobolewa matundu. Mwaka 2009 Simen Svingen Skogsrud wa Norway alitoa bure programu iitwayo Grbl, inayokiwezesha kibao kidogo cha elektroniki, Arduino, kuongoza mashine ya namna hiyo. Wengine wakaipokea, wakaiboresha, nao hawakudai chochote. Kilichozaliwa kwa ajili ya viwanda vya ndege kinafanya kazi leo chini ya bati la Kinama kwa sababu watu wasionijua walikataa kukifungia kabatini. Sitaki kulisahau hilo ninapofika kwenye habari ya bei.

Kinachonivuta zaidi ni ncha yenye umbo la V. Ncha bapa huchimba mfereji wa kina kimoja tu, na herufi zake hutoka zote zimenuna. Ncha ya V ina busara nyingine. Mahali mkono wa herufi ulipo mpana, inazama. Unapokuwa mwembamba, inapanda. Na ikifika kwenye kona inapanda mpaka juu kabisa, ikaacha pembe kali ambayo zamani ilihitaji patasi na mkono uliozeeka kazini. Mwanga ukija kwa upande, ubavu mmoja wa herufi unang'aa na wa pili unatia kivuli, na jina linasomeka hata kabla ya rangi.

Rangi nayo ina utamu wake. Unapaka ubao vanishi kwanza, unaacha ikauke kabisa, ndipo unachonga. Kisha unajaza rangi nyeusi kwenye herufi bila hofu ya kuimwaga nje, maana vanishi haiiruhusu kuingia kwenye nyuzi za mbao. Ikikauka unapitisha msasa: weusi wote wa juu unaondoka, unabaki ule wa ndani ya herufi, na ukingo wake umenyooka. Nimewaona watu wazima wakinyamaza kwa sekunde chache pale jina lao linapojitokeza chini ya vumbi la msasa. Kwa muda mrefu hayo ndiyo yalikuwa malipo yangu yote, na sikuwa na la kulalamika.

Majina ya kwetu ni marefu. Nshimirimana lina herufi 12. Acha sentimita tatu kila upande wa ubao wa sentimita 30, kila herufi inabaki na sentimita mbili tu, pamoja na nafasi ya kupumua kati yake na jirani yake. Hapo mbao huanza kukataa. Kijiti chembamba kinachobaki kati ya herufi mbili, kikiwa kinakata nyuzi badala ya kuzifuata, kinamomonyoka. Tumbo la herufi a linabanduka na kuruka na maranda. Kuna njia ya kuligawa jina kwa mistari miwili, lakini jina la ukoo lililovunjwa katikati halipendezi, na mwenyewe ataliona limevunjwa kila siku ya maisha yake. Kuna njia ya pili, ndefu zaidi: unatoboa matundu mawili chini ya ubao, unayavalisha vijiti, unachonga nusu ya jina, kisha unausogeza ubao kwa kipimo kamili na kuendelea na nusu iliyobaki. Ukipima vizuri, jicho haliwezi kuona mahali nusu mbili zilipokutana. Njia hii inakula jioni nzima, nami ndiyo ninayoichagua.

Kabla ya yote hayo, ninampa mteja karatasi na kalamu aandike jina lake kwa mkono wake. Mashine ni tiifu kupita kiasi. Itachonga kosa kwa ustadi ule ule inaochongea usahihi. Wako wanaotaka kistari katikati ya majina mawili ya ubatizo, wako wasiokitaka. Wako waliosajiliwa kwa herufi moja iliyokosewa na karani miaka iliyopita, wakaizoea, na wako ambao wangependa kibao kiirudishe herufi ile mahali pake hata kama kitambulisho hakitaki. Mazungumzo hayo hayaharakishwi. Mama mmoja jirani aliandika jina la duka lake, akaitazama karatasi, akaifuta, akaandika jina la marehemu mama yake mzazi badala yake. Nilimpa muda. Kibao chenyewe kilichongwa kwa dakika chache kuliko alizotumia kuamua.

Hapo ndipo lilipo neno langu kuhusu biashara. Mteja akisimama kando ya mashine anaona nusu saa: ncha inazunguka, maranda yanaruka, jina limetokea. Ananiambia kwa haki kabisa, “Mwalimu, nusu saa tu, mbona bei hivi?” Na wengi tunaoanza kuuza kile tulichokuwa tukikifanya kwa mapenzi huwaza kama yeye. Tunahesabu dakika za mashine, tunaongeza gharama ya mbao, tunaona aibu kuongeza kitu kingine. Saa zetu wenyewe tulizizoea kuzitoa bure, kwa hiyo hatuzioni. Lakini mashine ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Kuna kuitafuta mbao na kuikausha, kuipiga randa, kuzungumza habari ya jina, kuchora, kukagua mchoro herufi kwa herufi, kufunga ubao kwa vibano, kupaka, kusubiri, kupiga msasa, kupaka tena, kutoboa ukuta na kutundika. Kinachouzwa ni huo uangalifu. Mashine inaukamilisha tu.

Kuna na saa ambazo mji unazichukua. Umeme ukikatika katikati ya herufi, mashine inasahau ilipokuwa, kwani mota zake hazikumbuki chochote zikizimika. Ukiirudisha kwa kukisia, hata ukikosea kwa nusu milimita, herufi inakuwa na kingo mbili. Kwa hiyo natoboa kitundu kidogo kwenye kona ya ubao kabla ya kuanza, na kila safari huanzia hapo. Umeme wa Regideso ukirejea, naishusha ncha kitunduni na kuitafuta tena njia. Mwenye uwezo anaweka betri ya gari na kigeuzi chake pembeni. Ncha zinatoka Uchina na zinalipwa kwa dola, na Mei 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi iliposhusha thamani ya faranga, ncha ile ile ilibadilika bei ikiwa ndani ya pakiti yake. Kupeleka kibao mjini kati nako kunataka mpango, maana Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilizuiwa kuingia huko, na petroli ikiadimika hata basi ni la kusubiriwa kwa foleni. Mtu ataona kibao kwapani mwangu. Haoni jioni iliyokipeleka.

Bei inayoficha haya yote ni bei ya uongo, na uongo wake unamwumiza mtu wa tatu: yule kijana wa mtaa wa pili anayetaka kuishi kwa kazi hii. Mimi mwenye mshahara, hata ukiwa mdogo, ninaweza kuuza chini ya gharama na bado nikala. Yeye hawezi. Nikishusha bei kwa sababu kwangu ni mchezo wa jioni, nimemfungia mlango. Ndiyo sababu nilijiandikisha katika ofisi ya kodi, OBR, nikapata namba, nikaanza kutoa risiti na kuweka daftari. Siwezi kusema kazi ya daftari inapendeza. Lakini siku nilipoandika saa zangu kwa wino kando ya gharama ya mbao, niliuza kwa utulivu zaidi, na wateja nao walibishana kidogo, kisha wakaacha.

Yupo mtu mwingine ndani ya bei yangu, na huyu namlipa kwa furaha. Ni mzee wa Buyenzi, mtaa wa mafundi, aliyeandika mabango kwa brashi tangu ujana wake: saluni, garaji, maduka ya vyakula, mabasi. Mabango ya plastiki yanayochapwa kwa mashine yalipoingia mjini, kazi yake ilipungua hadi ikabaki ya kuandika namba za nyumba. Nilimwendea kwa sababu herufi zilizomo ndani ya kompyuta zilianza kunichosha. Ni safi, ni nzuri, na ziko kila mahali. Saluni ya Kinama, benki ya mjini na dawa ya mbu zinaandikwa kwa mkono mmoja usio na mwenyewe.

Nilikaa naye akaniandikia alfabeti nzima kwenye karatasi za manila. Anaanza herufi R kwa mguu wake wa kushoto, kwa mkwaruzo mmoja wa kushuka, bila kuinua brashi. Halafu anapumua. Tumbo la juu analizungusha likiwa kubwa kidogo kuliko inavyotarajiwa, na mguu wa kulia anaurusha nje mbali, ukimalizikia kwa ncha iliyochongoka. “Mguu huu,” aliniambia, “ndio unaomshika mpita njia shati.” Nilizipiga picha herufi zake, nikazigeuza kuwa mistari kwa Inkscape, programu ya bure, na hapa ncha ya V ilionyesha heshima ambayo sikuitarajia: kila mahali alipokandamiza brashi mashine ilizama, kila alipoilegeza ilipanda. Mkono wa mzee ukaingia ndani ya mbao na uzito wake. Nilipomletea kibao cha kwanza alipitisha kidole gumba kwenye mfereji wa R, akarudia, kisha akasema S hakuiridhia na angeiandika upya. Akaiandika. Tangu hapo kila kibao chenye herufi zake kina fungu lake, naye hulipokea kwa simu, kupitia Lumicash, jioni ile ile. Wapo walionishauri nimlipe mara moja tukamalizana, kwa kuwa herufi nimeshazipata. Sioni ni kwa haki gani.

Mbao. Mikaratusi inayopandwa kila kilima hukua haraka, lakini ikikatwa mbichi inajipinda na kupasuka, na kibao kilichopinda kinampotosha mwenye jina. Libuyu itokayo upande wa Kongo ni nzuri mno, nzito, yenye wekundu wa kupendeza, na bei yake inajulisha hivyo. Mimi nimeelekea kwenye mgrevilea, mti wa asili ya Australia ambao wakulima wetu wameupanda kandokando ya mashamba na katikati ya kahawa. Nyuzi zake zina mng'ao wa madoadoa, hauumi ncha, na mkulima akikata mmoja huwa ana mingine inayokua. Unga wake huwasha ngozi ya baadhi ya watu, kwa hiyo barakoa na mikono mirefu ni lazima. Mbao nazipanga zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, nazo hukaa hivyo msimu mzima wa kiangazi kabla sijazigusa.

Mti mmoja siutumii kabisa: umuvugangoma. Magogo yake ndiyo yanayochimbwa ngoma za Burundi, zile ambazo UNESCO iliziandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na ambazo pale Gishora, karibu na Gitega, zimetunzwa tangu enzi za Mwami Mwezi Gisabo. Mti wa kutosha ngoma unataka miaka mingi kuliko subira ya mfanyabiashara yeyote. Mbao zake ni laini na rahisi kuchonga, wateja wawili watatu wameziulizia kwa sababu ya sifa, nami nimewakatalia.

Kukataa huko nimejifunza kutoka Ukambani, Kenya. Kumbukumbu za kijiji cha Wamunyu humtaja Mutisya Munge, mchongaji aliyepelekwa Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, akaona kule jinsi Wazaramo walivyochonga vinyago vya kuuza, akarudi na ujuzi huo kijijini. Kutoka kwa mtu huyo mmoja kilitokea kijiji cha wachongaji, kisha vyama vya ushirika, hadi kile cha Changamwe, Mombasa, kilichoanzishwa mwaka 1963. Maelfu ya watoto wamesomeshwa na twiga na vifaru wa mbao. Lakini biashara ilipokua, mpingo na muhugu viliadimika misituni, na ikabidi wachongaji wafundishwe kuhamia kwenye mwarobaini, mwembe na mjakaranda, miti inayopatikana mashambani. Walihama, na wengine wanachonga vizuri vile vile. Nawaheshimu sana watu wa Wamunyu. Nachukua kwao ujasiri wa kugeuza mapenzi kuwa mkate, na nachukua pia swali la mti: ninachokikata leo, nani amekipanda kingine?

Kwenye pwani ya Waswahili kuchonga jina au tarehe mlangoni ni desturi ya zamani. Juu ya milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar utaona mwaka wa Hijria, utaona aya, na Beit al-Ajaib ya Sultan Barghash, iliyojengwa mwaka 1883, ilikuwa na milango ambayo mtu alisimama mbele yake kabla ya kuingia. Kinama haikupewa nafasi hiyo. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, mitaa hii ya kaskazini iligeuka uwanja wa vita kwa miaka mingi. Watu walikimbia, wakarudi, wakakimbia tena. Wengi waliorudi walikuta kuta zisizo na bati na fremu zisizo na milango. Na ilikuwapo miaka, wazee watakwambia ukikaa nao jioni, ambayo mwenye akili hakutaka jina lake lisomeke kirahisi na mtu anayepita, kwa sababu jina lilikuwa linaulizwa kwa nia mbaya.

Ndiyo maana siwezi kukichukulia kibao kuwa pambo. Mtu wa Kinama anapoagiza ubao wenye jina la ukoo wake, utundikwe upande wa barabara, kwenye kimo cha macho, ametangaza kwamba anakaa hapa, hana sababu ya kujificha, na anatarajia kuendelea kukaa. Nimeshuhudia baba akisimama barabarani kuangalia kama kinasomeka kutoka mbali. Alirudi nyuma hatua, akasoma kwa sauti, akarudi nyuma tena. Mwanawe mdogo alikuwa akimfuata na kusoma naye. Bei ya kibao hicho tulishaipatana, na ilikuwa ya haki. Lakini nisingependa kamwe kufanya kazi hii kwa kasi ambayo ingeninyima kusimama pale nao.

Kwa hiyo ninapoambiwa nikue, nasikiliza kwa makini kisha nabaki nilipo. Ushauri unatolewa kwa nia njema. Serikali ilianzisha benki ya uwekezaji kwa vijana, BIJE, mwaka 2020, na mpango wa kuwainua vijana kiuchumi, PAEEJ, ukafuata mwaka 2021. Mikopo inazungumzwa, na mashine kubwa ya kulaza ubao mzima wa sentimita 122 kwa 244 inapatikana kwa anayeweza kuilipia na kuilisha umeme. Naijua hesabu yake. Mashine ya ukubwa huo haingoji mama aamue jina la duka. Inataka “Karibu” mia moja zinazofanana, wiki hii na wiki ijayo, na mwenye mashine anageuka mtumishi wa mkopo wake. Mimi sipokei kibao kipya kabla kilichotangulia hakijatundikwa. Kwa mtu mwenye mshahara mahali pengine, huo ni uhuru, na naamini ni kosa kuuuza.

Lakini sitamwambia hivyo kijana aliyemaliza shule ya ufundi ya ETS Kamenge na cheti chake cha ufundi kikiwa kimekunjwa mfukoni. Kwake yeye hakuna kazi ya pembeni, kwa sababu hakuna kazi ya katikati. Mitaa hii imeonyesha inachoweza ikipewa mahali pa kukutania: Kituo cha Vijana cha Kamenge kiliwakalisha pamoja vijana wa mitaa iliyokuwa ikipigana, na mwaka 2002 kikapata tuzo ya Right Livelihood kwa kazi hiyo. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani sasa anachora vizuri kuliko mimi. Kazi za hoteli, za shule, za vibao vingi kwa mpigo, nampelekea yeye, na herufi za mzee wa Buyenzi amezipata kwa sharti lile lile la fungu. Yeye akikopa, nitakuwa shahidi wake. Ana kila sababu ya kukua.

Sehemu moja tu ya kazi hii bado inanikosesha usingizi, nayo ni misalaba. Watu huja usiku, au alfajiri, mazishi yakiwa siku hiyo hiyo. Jina, mwaka, mwaka. Nilikuwa nikiwachongea bila kutaja bei, nikiona ni jambo lisilohitaji mjadala, mpaka fundi seremala wa jirani, anayetengeneza majeneza, aliponijia na kukaa. “Mwalimu,” alisema, “mimi mbao nanunua, misumari nanunua, kijana wa kupiga randa namlipa. Ukitoa msalaba bure, mfiwa ananitazama mimi kama mwizi.” Alikuwa na haki, na nilimwambia hivyo. Tukapatana: msalaba upitie kwake, uingie katika bei ya jeneza, mimi nimdai yeye mbao na muda kama ninavyomdai mtu yeyote. Kwa watu wazima mpango huo unakwenda vizuri.

Kwa mtoto mchanga hatujaafikiana. Yeye anashikilia kwamba daftari halina umri, na kwamba siku atakapoanza kusamehe hatajua pa kuacha, maana mtaa huu unazika watoto wengi. Mimi siandiki. Tumebishana mara nyingi, kwa sauti ya juu hata, na sina hoja ya kumshinda. Ila mbao ya misalaba hiyo midogo huwa haniachii nichague. Anaichambua mwenyewe kwenye rundo lake, akiipitisha mkono kutafuta fundo, na anayoniletea siku zote ni iliyo safi.